Senchuri 100 bado ni za Sachin
Hapana mkuu unayesema Virat Kohli kavunja rekodi ya kriketi ya Muhindi mwenzake Sachin Tendulkar, ile ya senchuri 100 za kimataifa hajaivunja (senchuri ni mchezaji mmoja kufikisha mikimbio, yaani pointi, 100 au zaidi kwenye zamu yake ya kupiga), alichovunja ni ya mechi za siku moja tu, Sachin alikuwa nazo 49 Kohli akapiga ya 50 Novemba 2023 pale Wankhede Mumbai, nusu fainali ya Kombe la Dunia na New Zealand, na Sachin mwenyewe alikuwepo uwanjani anaangalia. Zile 100 ni jumla, 51 za testi (zile mechi za siku tano) ukijumlisha na hizo 49, na ya mia aliipata 2012 wakicheza na Bangladesh, tena siku hiyo India walipoteza mechi.

Nayajua haya maana niliwahi kuwa muuzaji kwenye duka la Muhindi hapa Tabora mjini, India wakicheza TV haizimwi na ukiuliza kitu unaelezwa mpaka wateja wanalalamika, nikanogewa. Sachin kaanza 1989 ana miaka 16 kastaafu 2013 ana 40, testi 200 hizo, wakati sisi huku straika akigusa 33 tu tunasema kazeeka aende kufundisha.

Ila sio kila rekodi yake imebaki. Alikuwa mwanaume wa kwanza kufikisha mikimbio 200 kwenye mechi moja ya kimataifa ya siku moja, 2010 na Afrika Kusini, miaka minne mbele Muhindi mwenzake Rohit Sharma akaja akapiga 264.