Uliza Mkutubi: Dola 40 za nini, Mwalimu?

Mwezi huu nimewapisha wahadhiri. Wanafunzi, msininunie. Zamu yenu inarudi, na barua ya yule kijana wa Juja kuhusu tasnifu iliyopotea nimeiweka.

Bi. Mkutubi, habari za siku nyingi? Mimi ni mhadhiri wa muda, nafundisha sosholojia katika kampasi tatu hapa Nairobi. Siku nyingine natoka darasa la mjini saa nne na saa sita natakiwa niwe Thika Road, kwa hiyo maktaba naiona nikiipita tu. Nikitaka makala natafuta Google. Mara nyingi napata ikisiri peke yake, yaani ule muhtasari wa mwanzo, kisha naambiwa nilipe dola 40. Juzi nimelipa kutoka mfukoni kwa sababu darasa lilikuwa linaningoja. Kuna njia nyingine, au hiyo ndiyo kodi ya kuwa mhadhiri? — Mpita Njia, Roysambu

Mpita Njia, njema. Kodi ya kuwa mhadhiri ipo, lakini si hiyo.

Makala uliyoinunua, yawezekana kabisa chuo kimojawapo kati ya hivyo vitatu kilikuwa kimeshailipia. Tangu 2003 maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti nchini zimekuwa zikichanga pamoja chini ya muungano wao, KLISC, ili zipate majarida ya mtandaoni kwa bei ambayo chuo kimoja peke yake kisingeiweza. Wachapishaji kama Emerald na Taylor & Francis huwauzia ruhusa ya kusoma mkusanyiko mzima kwa mwaka. Mwaka ukiisha ruhusa imekwisha, msome msisome.

Sasa, tovuti ya jarida haikujui kwa sura. Inaangalia umeingia kupitia mtandao gani. Ukiwa kampasi, kwenye Wi-Fi ya chuo, makala inafunguka bila swali. Ukiwa ndani ya matatu pale Allsops, unatumia bando lako mwenyewe, unaonekana kama lakabu yako, na mpita njia huonyeshwa bei.

Unachohitaji ni akaunti ya kuingilia ukiwa nje ya chuo. Maktaba nyingi za vyuo hapa jijini zinayo, na kiungo chake huwa kwenye ukurasa wa maktaba. Wahadhiri wa muda mnakwama hapo kwa sababu majina ya kufunguliwa akaunti hutolewa kwenye orodha ya watumishi, na mtu wa mkataba wa muhula mmoja mara nyingi hayumo. Nilipokuwa kaunta nilimwona mhadhiri akija wiki ya mitihani, mkataba wenyewe uko ukingoni, ndipo anaomba nenosiri. Wewe nenda wiki ya kwanza ya muhula. Beba barua ya mkataba, kitambulisho, na baruapepe ya chuo kama ulipewa. Ukiambiwa huduma hiyo ni ya walioajiriwa kudumu tu, usigombane na kijana wa kaunta, si yeye aliyeitunga kanuni. Omba kumwona mkutubi wa huduma za wasomaji, umwambie una wanafunzi wangapi. Hiyo idadi ina nguvu kuliko cheo.

Jambo la pili utalifanya hata leo jioni ukiwa kwenye foleni ya magari. Fungua Google Scholar, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya viungo vya maktaba, andika jina la chuo chako. Inakuruhusu kuchagua hadi maktaba tano, kwa hiyo zako tatu zinaenea. Chuo kikiwa kimejisajili huko, utaanza kuona kiungo chake pembeni ya makala ambazo kimezilipia. Ni mtandao ule ule wa Google unaoutumia kila siku, ila sasa umeambiwa wewe ni wa wapi.

Uliza pia kama chuo kimejiandikisha Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zinazoendelea majarida bure au kwa bei nafuu. Watu wa afya wanaifahamu sana kupitia Hinari, iliyoanza 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani. Ya kilimo, AGORA, ikafuata 2003. Ya mazingira, OARE, mwaka 2006 kupitia UNEP, majirani zetu wa Gigiri. Wewe wa sosholojia tazama GOALI ya 2018, iliyolenga sheria na sayansi za jamii. Mhadhiri mwenzako wa uuguzi anaweza kuwa anaitumia Hinari kila wiki nawe hujawahi kuisikia, kwa kuwa idara zetu hazisalimiani.

Ikishindikana kote, mwandikie mwandishi wa makala. Anwani yake mara nyingi imo kwenye ukurasa ule ule wa ikisiri unaousoma bure. Katika dola zako 40 yeye kwa kawaida haoni hata senti, na wengi hufurahi kusikia kwamba kuna mtu Roysambu anataka kuwasoma.

Nami nikuulize: ulipoinunua, wanafunzi wako uliwapaje makala hiyo? Nadhani uliitupa kwenye kundi la WhatsApp. Wengi hufanya hivyo hata kwa makala ambazo maktaba imezilipia, na hapo nina neno. Kila mwisho wa mwaka mkutubi anaketi na ripoti za wachapishaji zinazoonyesha jarida gani lilifunguliwa mara ngapi. Wanafunzi 80 wakisoma faili moja uliyoituma wewe, ripoti inasema msomaji ni mmoja. Fedha zikipungua, mkusanyiko unaoonekana hausomwi ndio wa kwanza kukatwa, kisha mhadhiri anakuja kaunta amekasirika, "Mbona mmeliondoa jarida letu?" Tuma kiungo cha maktaba, waache waingie wenyewe. Watalalamika wiki mbili, watazoea.

Shikamoo Bi. Mkutubi. Nafundisha isimu ya Kiswahili. Tangu mwaka juzi nimeomba maktaba yetu ituagizie vitabu vipya, kimya. Nikienda rafuni nakuta vile vile vya miaka ya themanini, vingine jalada limeshikiliwa kwa selotepu. Nikiuliza naambiwa bajeti. Sasa wanafunzi nawapa fotokopi za vitabu vyangu vya nyumbani. Je, maktaba inatufaa kweli sisi wa Kiswahili? — Mwalimu wa Isimu, Lang'ata

Marahaba, Mwalimu. Bajeti ni kweli, hawakudanganyi. Lakini ningependa kuiona ile fomu yako ya maombi.

Nasema hivyo kwa sababu fomu hizo nimezishika sana. Moja siisahau: kwenye nafasi ya jina la kitabu mwalimu ameandika "Vitabu vya isimu, vipya", kwenye nafasi ya mwandishi "Mbalimbali", na kwenye idadi ya nakala "Za kutosha". Sahihi nzuri, mhuri wa idara juu yake. Afisa wa ununuzi ataipeleka wapi karatasi hiyo? Hawezi kuomba bei ya "mbalimbali". Inaingia kwenye faili, na miaka miwili baadaye mwalimu anasimulia kwamba maktaba ilimpuuza.

Kinachotakiwa ni hiki: jina la mwandishi, jina kamili la kitabu, toleo, mchapishaji, mwaka, ile namba ya ISBN iliyoko nyuma juu ya mistari, kozi kitakakotumika, na wanafunzi wangapi. Ukipita Text Book Centre au duka jingine la vitabu ukaandika na bei ya rafuni, umempunguzia mtu kazi ya siku nzima. Kisha panga vitabu kwa uzito: bila hiki kozi haiendi, hiki kingefaa, hiki ni cha kujifurahisha mimi. Fedha zikija nusu, mkutubi anajua akate wapi. Usipompangia atakata mwenyewe, na atakikata kile unachokipenda.

Tazama na kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali, unaofuatwa na vyuo vya umma, huanza tarehe 1 Julai. Makadirio huandaliwa miezi mingi kabla. Fomu inayofika Septemba, masomo yalipokwisha kuanza, inaomba fedha zilizokwisha gawiwa. Peleka Januari au Februari, na umkumbushe mwakilishi wa idara yenu kwenye kamati ya maktaba. Kama hamjui mwakilishi wenu ni nani, basi mmeshapata sababu moja ya kimya hicho.

Vile vya selotepu usivitukane. Simama mbele ya rafu ya Kiswahili, ambayo kwa maktaba zinazopanga vitabu kwa namba za Library of Congress ni PL 8701 hadi 8704, ukague kimoja kimoja. Vingi vya miaka hiyo havichapishwi tena. Mhadhiri mmoja alitushinikiza tuondoe "takataka" rafuni. Mwezi uliofuata mwanafunzi wake wa uzamili akaja kuomba kitabu kimojawapo kati ya hivyo hivyo. Bahati yake, hatukuwa na haraka.

Tena isimu ya Kiswahili haimo vitabuni peke yake. Jarida la Kioo cha Lugha la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam limo kwenye AJOL, mkusanyiko wa majarida ya Afrika uliopo tangu 1998. Swahili Forum husomwa bure mtandaoni, bila nenosiri. Tasnifu nyingi za Chuo Kikuu cha Nairobi zimo kwenye hazina yake ya kidijitali, na ukifika Maktaba ya Kumbukumbu ya Jomo Kenyatta kwenyewe, uliza sehemu ya Afrikana. Nimeona wahadhiri wakiwasahihisha wanafunzi kwa kutojua utafiti fulani, nao wenyewe hawajui kwamba mada hiyo iliandikiwa tasnifu jengo la pili kutoka ofisini mwao.

Kuhusu fotokopi, sura moja ya kufundishia ni jambo moja, kitabu kizima ni jambo jingine. Tuna Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na mkutubi hatapokea kitabu kizima kilichopigwa fotokopi hata ukimbembeleza. Azimisha kitabu chako halisi kwenye kaunta ya kuazima kwa saa chache. Kitaandikwa jina lako, kitasomwa humo humo, na muhula ukiisha unarudi nacho Lang'ata.

Kisha fanya jambo ambalo wahadhiri wengi hawalifanyi: mwalike mkutubi wa kitivo darasani kwako kwa saa moja, wiki ambayo umetoa kazi ya nyumbani. Asije wiki ya kwanza, kwa kuwa wiki ya kwanza hakuna anayesikiliza. Aje wanafunzi wakiwa na swali mkononi, awaonyeshe kulitafuta papo hapo, nawe uwe umekaa nyuma. Utashangaa ni nani anayeandika maelezo mengi zaidi.

Bi. Mkutubi, nimepata baruapepe kutoka jarida la kimataifa. Wananiita Profesa Mtukufu, na mimi hata uzamifu sijatetea. Watachapisha makala yangu kwa siku tatu kwa dola 150. Natafuta kupandishwa cheo. Nilipe? — Mhadhiri Msaidizi, Kasarani

Usilipe kwanza. Siku tatu hazitoshi watu wawili kuisoma makala, sembuse kuihakiki. Kulipa ada peke yake si dalili ya utapeli, maana yapo majarida huria, yaani yanayosomwa bure, ya heshima yanayotoza. Yatafute kwenye DOAJ, ambayo ni orodha ya majarida huria, au AJOL. Hilo lako lisipokuwemo humo, chagua jina moja kwenye bodi ya wahariri, umtafute kwenye ukurasa wa chuo chake halisi, umwulize kama anajua yumo. Wapo waliogundua hivyo kwamba majina yao yanauzwa. Ile orodha maarufu ya majarida yanayoshukiwa utapeli, mkutubi wa Marekani Jeffrey Beall aliyeitunga aliiondoa mwenyewe Januari 2017, kwa hiyo nakala zinazozunguka zichukue kwa tahadhari. Vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya 2014 vilihesabu machapisho yaliyohakikiwa, na kamati ya kupandisha vyeo ina haki ya kuuliza yalihakikiwa na nani. Baruapepe hiyo mpelekee mkutubi wako kabla hujagusa M-Pesa. Ataisoma dakika kumi na hatakutoza.

Bi. Mkutubi, mimi ni msaidizi wa maktaba. Kuna profesa ana vitabu vyetu 11 ofisini kwake, vingine tangu kabla sijaajiriwa. Wanafunzi wake mwenyewe wanavitafuta, na yeye ndiye anayewatuma waje kuvitafuta kwetu. Nikimwandikia hajibu. Nifanyeje? — Mdogo wa Kaunta

Mdogo wangu, pole. Huyo namfahamu, yuko katika kila chuo.

Achana na barua za faini, profesa huzifanya alama ya kurasa. Chapisha orodha ya vitabu, na pembeni ya kila kimoja idadi ya wanafunzi wa kozi yake waliokiulizia. Mwambie Profesa kwa adabu kwamba unaomba nakala hizo zikae kaunta mpaka mitihani iishe, na kwamba baada ya hapo ana haki ya kuvichukua tena kama mtu mwingine yeyote. Asikie kwamba unavikopa wewe. Nenda na toroli siku hiyo hiyo utakayokubaliwa, usimwachie avilete mwenyewe.

Usipomkuta, usirudi mikono mitupu. Pita kwa katibu wa idara, msalimie vizuri, muulize kuhusu watoto. Yeye ndiye anayejua funguo za kabati ziko wapi.