WRX imekata nguvu ghafla Kitonga: turbo iache kwanza, kagua mipira ya hewa

Mkuu, pole na safari. Nimesoma maelezo yako yote: Impreza WRX ya 2002, injini EJ20, umefunga intakula (kipoozea hewa inayotoka kwenye turbo) ya mbele, ekzosi ya inchi 3 na masega yake (vichujio vya moshi) umesema yametolewa, filta ya wazi, valvu inayopumulia nje (inatoa presha ya turbo ukiachia pedeli), na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imefanyiwa remapu, programu yake imebadilishwa. Imevuta vizuri tangu Morogoro, kufika mlima wa Kitonga ikatoa kishindo kidogo na nguvu zikakata hapohapo. Sasa ikiwa sailensi (inaunguruma bila kukanyagwa) inatetemeka kidogo, ukikanyaga inatoa moshi mweusi na haitaki kuvuka mizunguko 3,000. Gereji mbili zimekwambia turbo imekufa, na moja imeshakupigia bei ya nyingine.

Usinunue turbo, ile feni inayosukumia injini hewa, bado. Turbo ikielekea kufa mara nyingi huaga: mluzi unabadilika na kuwa mkali, oili inaanza kupungua, moshi wa bluu unatoka asubuhi au ukiachia mafuta kwenye mteremko. Wewe hujataja hata kimoja. Ulichotaja ni kishindo, kisha moshi mweusi, na vitu hivyo viwili vikifuatana kwenye Subaru iliyofungwa intakula ya mbele, mimi naanza na mipira.

Sababu ni hii. Gari yako inapima hewa kwa sensa iliyo karibu na filta, kabla hewa haijafika kwenye turbo. Kontroli boksi inahesabu hewa iliyopita pale na kumwaga petroli ya kiasi hicho. Mpira ukifunguka baada ya turbo, hewa iliyokwisha kuhesabiwa inatorokea nje, lakini petroli yake inaingia kwenye mitungi vilevile. Mafuta yanazidi, plagi zinalowa, moshi unakuwa mweusi na unanuka petroli mbichi. Ikiwa sailensi mambo yanageuka: injini inanyonya, kwa hiyo tundu lilelile linaingiza hewa ambayo haikupimwa, na gari inatetemeka au inazima. Mpira ukichomoka kabisa, kwa kawaida gari hata haikai sailensi. Yako inakaa, kwa hiyo nahisi mpira umeteleza nusu au umechanika upande usiouona.

Na "usiouona" ndiyo shida yenyewe. Intakula ya kiwandani kwenye WRX iko juu ya injini, ukifungua boneti unaiona. Ya mbele inakuja na mabomba marefu yanayopita nyuma ya bampa na chini ya taa. Forester yangu ya turbo ilinifanyia hivihivi kwenye mlima wa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu. Juu kila kitu kilikuwa kimekaza, fundi akaapa hakuna mpira uliolegea. Tulipotoa bampa tukakuta mpira wa silikoni umeteleza kutoka kwenye bomba la alumini, umebaki umeshikiwa na klampu upande mmoja tu.

Chanzo kilikuwa oili. Mvuke wa oili kutoka kwenye injini unarudi kwenye mfumo wa hewa, unatulia ndani ya mabomba, na silikoni yenye oili juu ya alumini laini haishiki hata ukaze namna gani. Bomba likiwa limekatwa tu bila kutengenezewa ukingo wa kuzuia mpira, presha itausukuma siku utakayokanyaga kwa muda mrefu, yaani mlimani. Dawa yake: futa oili yote kwa spirito au dawa ya kusafishia breki, peleka bomba kwa mchomeleaji wa alumini aliwekee ukingo, na utumie klampu pana za nati badala ya zile nyembamba za bisibisi.

Kipimo cha kuhakikisha hakihitaji kompyuta. Tafuta kofia ya bomba la plastiki inayoingia kwenye mdomo wa mpira unaokwenda kwenye turbo, itoboe, weka valvu ya tairi. Toa sensa ya hewa kwanza. Nenda kwa mwenye pancha, ajaze upepo taratibu huku umezima gari, msipite baa 1. Pakaza maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Patakapovuja utasikia kabla hata hujaona povu. Ukisikia hewa kwenye mdomo wa kumwagia oili usishtuke, kiasi fulani hupita. Angalia na ile valvu ya kupumulia nje: diaframu yake ikichanika au ikikwama wazi, dalili ni zilezile na ni bei ndogo kuliko turbo.

Usisahau mpira mkubwa kati ya filta na turbo, unaopita chini ya manifoldi. Kwenye EJ zilizokaa na joto miaka mingi unapasuka, hasa ukishatolewa na kurudishwa. Ule ukipasuka unafanya kinyume: hewa isiyopimwa inaingia, mafuta yanakuwa pungufu, taa ya injini inaweza kuwaka na skana ikasoma P0171, kodi ya mafuta pungufu. Hapo hakuna moshi mweusi, ndiyo maana siuweki mbele kwako.

Kuna mdau ametaja mwinuko. Mlimani hewa inapungua kweli, Mbeya iliyo karibu mita 1,700 ina presha ya hewa pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Dar. Lakini mwinuko unapunguza nguvu kidogokidogo, haupigi kishindo.

Tuseme mipira yote ni mizima. Hapo swali langu linakuwa: injini imeishiwa nguvu, au kontroli boksi ndiyo imezinyima? Geji ya presha itakujibu ukiisoma ukiwa umekanyaga mpaka mwisho kwenye gia ya tatu, mahali salama. Ikiishia takribani nusu baa na gari inakwenda kilaini, basi westigeti, ile valvu inayozuia presha ya turbo isizidi, inafanya kazi kwa springi yake tu. Ama solenoidi ya kudhibiti presha imekufa au waya wake umechomoka, ama kontroli boksi imeikatalia kwa sababu imesikia injini ikigonga, yaani petroli inalipuka ovyo ndani ya mitungi. Ikipanda kupita kiasi halafu gari ikajikata kana kwamba imegonga ukuta, kimpira cha westigeti kimechomoka na kontroli boksi inakata mafuta kujilinda, usirudie kuijaribu. Isipopanda kabisa na mipira ni mizima, sasa ndiyo utoe mpira wa turbo ushike shafti. Kucheza kidogo pembeni ni kawaida. Kucheza mbele na nyuma, au pangaboi kugusa nyumba yake, hapo nitakubaliana na gereji zako.

Presha ikiwa ya kawaida lakini nguvu hakuna, hamia kwenye moto na mafuta. Koili iliyochoka inafanya kazi vizuri bila mzigo na inamisi ikibanwa. Plagi za gari iliyoongezewa presha mimi naweka pengo karibu milimita 0.7. Petroli ipime kwa geji kwenye reli: mpira wa vakumu ukiwa umetolewa ni takribani baa 3, na inatakiwa kupanda sawa na presha ya turbo. Ikishuka unapokanyaga, kagua filta, waya wa pampu, na kile kisanduku kinachodhibiti mwendo wa pampu, kabla ya kulaumu pampu yenyewe.

Ekzosi pia. Umesema masega yametolewa, lakini uliza ni yapi. Baadhi ya WRX za miaka ile zina masega mengine madogo kwenye bomba linalopanda kwenda kwenye turbo, na yakivunjika vipande vyake vinapita kwenye turbo. Mafundi wengi hutoa yale makubwa ya chini tu na kukwambia kazi imekwisha.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni remapu. WRX ya Japani imetengenezwa kwa petroli ya okteni karibu 100, yetu iko chini ya hapo. Aliyeirekebisha kama hakuacha nafasi ya mlima mrefu wenye joto, injini itagonga, kontroli boksi itarudisha taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) nyuma, na ikishindwa kuzuia, pistoni ndiyo inalipa. Kwa hiyo ukishapata tatizo na kulirekebisha, pima kompresheni mitungi yote minne: injini ya moto, plagi zote nje, pedeli imekanyagwa mpaka chini. Namba zenyewe zitatofautiana na geji na mwinuko, cha kutazama ni kama mtungi mmoja umeachwa mbali na wenzake.

Mpaka hapo usiendelee kuikanyaga. Petroli iliyozidi inaosha oili kwenye kuta za mitungi na kushuka kwenye oili ya injini. Vuta dipstiki uinuse, ikinuka petroli badilisha oili kabla ya kuitembeza tena.

Toa bampa kesho, weka picha za viungo vya bomba vyote hapa pamoja na geji inasoma ngapi. Na yule wa turbo mwambie asubiri.