Barua kwa Mwanangu: Shingo Inauma Kweli

Mwanangu mpendwa,

Juzi uliniuliza inakuwaje daktari akupime kila kitu, akute u mzima, aseme ni msongo wa mawazo, ilhali shingo inakuuma na usingizi hauji. Uliumia, ukahisi ameona unajisingizia ugonjwa. La, mama. Maumivu yako ni ya kweli kabisa.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Ukishtuka, tezi hizo humwaga papo hapo adrenalini, kichocheo cha kuuamsha mwili: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, tumbo linaacha kusaga chakula. Dakika chache baadaye hufuata kichocheo kingine, kortisoli, ambayo huliamuru ini litoe sukari kwenye damu upate nguvu. Kwa kumkimbia nyoka, hakuna mpango bora. Nyoka akishapita, mwili unatulia. Lakini bosi anayekupigia simu saa 5 usiku hapiti, unalala naye na kuamka naye. Mwili wako umekesha mlangoni umeshika rungu, kwa miezi 4 sasa. Ndiyo maana shingo imekaza. Kortisoli, ambayo hupanda alfajiri na kushuka usiku, ikikosa kushuka, usingizi utatoka wapi? Na presha ikikaa juu miaka, mishipa huchakaa.

Kinga ya mwili nayo hulegea. Mwaka ule nilipomuuguza bibi yako nilijikata kidole kwa kisu, kijeraha kisichozidi ukucha. Wiki zikapita. Kila nikifungua bandeji nakikuta kibichi, kingo nyekundu, nikajilaumu kwamba sijitunzi. Baadaye nilisoma utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, uliotolewa mwaka 1995. Watu waliokuwa wakiwauguza ndugu zao waliopoteza kumbukumbu walitobolewa kidonda kidogo mkononi, sawasawa na wenzao wasiouguza mtu. Vidonda vya wale wauguzaji vilichelewa kupona kwa siku 9 hivi. Nililia, mwanangu. Sikuwa mzembe, nilikuwa nimechoka.

Kwa hiyo usijikaze kisabuni. Zima simu hiyo ukiingia kulala, lala saa ile ile kila siku, na jioni tembea mpaka jasho likutoke; misuli iliyojiandaa kukimbia hupenda kukimbia. Kifua kikibana, usiningoje mimi, nenda hospitali hapo hapo.

Jumamosi nakuja. Habari za kazi hiyo nataka nizisikie zote, tangu siku ya kwanza.

Mama yako