Kutengeneza filamu fupi ya maisha halisi kwa simu: mfano wa msimu wa karafuu Pemba

Wengi wanaoanza filamu fupi za maisha halisi huanza na mada: uchumi wa karafuu, wanawake na ajira, mila za Pemba. Mada haipigiki picha. Kinachopigika ni mtu aliyeshika kazi yenye mwanzo na mwisho. Msimu wa karafuu ukifika, chukua mchumaji mmoja na pakacha lake. Linapanda mtini tupu, linashuka limejaa, karafuu zinapimwa kwa pishi (kibaba cha kupimia ujazo), usiku zinachambuliwa, asubuhi zinaanikwa. Hapo una filamu ya dakika nne kabla hujauliza swali lolote, maana mtazamaji mwenyewe atataka kujua karafuu zile zitaishia wapi.

Simu ikiwa bado mfukoni, nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa huo, ujitambulishe. Kisha mwenye shamba, kisha mchumaji. Kama unakusudia kuionesha filamu hadharani, ulizia kibali mapema Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni. Droni ina kibali chake mbali, na kituo cha ununuzi cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, hakiingiliwi na kamera bila ruhusa ya wenyewe. Kila atakayeonekana aulizwe peke yake, si mbele ya watu, kama uso wake utokee. Wapo akina mama watakaokubali sauti na mikono lakini si uso. Pokea jibu hilo bila kubembeleza. Kazi ya kuchambua imo mikononi, hutakosa kitu.

Kwa kila tendo piga picha tano: mikono kwa karibu, uso, mtu mzima akiwa kazini, mahali penyewe kwa mbali, na kile anachokitazama. Kila moja ishikilie sekunde 10 bila kutikisika. Anayejifunza hushika sekunde tatu akahama, akifika kwenye kuhariri hana pa kukatia. Usivute kwa zumu. Sogea kwa miguu yako.

Kuchambua kunataka uvumilivu wa namna yake. Shada la karafuu linakaa kiganjani, linasokotwa, karafuu zinadondoka jamvini na makonyo, yaani vijiti vyake, yanatupwa upande wa pili. Kwa mkono uliozoea, tendo zima halizidi sekunde chache. Ukilifukuza kwa simu utapata ukungu mtupu. Weka simu kwenye stendi fupi, usawa wa mkono, kama shubiri mbili kutoka kwenye shada. Bonyeza kioo na ushikilie mpaka mwanga na fokasi vijifunge, kisha acha tendo lijirudie mara ishirini. Nzuri utaichagua baadaye.

Kazi hii mara nyingi hufanywa usiku chini ya taa, na hapo ndipo video nyingi huharibika: mistari myeusi inapanda na kushuka kwenye picha. Sababu ni kwamba umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde hata kama macho hayaoni. Simu nyingi hutoka kiwandani zikirekodi fremu (picha moja moja zinazounda video) 30 kwa sekunde, hesabu isiyopatana na umeme huo. Weka fremu 25 na kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, 1/50 ya sekunde, au 1/100 kama mwanga ni mwingi. Kama kamera ya simu yako haikupi uwezo huo, pakua programu ya Blackmagic Camera, ni ya bure. Mchana, juani, 1/50 itaunguza picha isipokuwa uwe na kichujio cheusi mbele ya lenzi, kwa hiyo acha shata ijipange yenyewe lakini fremu zibaki 25. Ukichanganya 25 na 30 katika filamu moja, mwendo utashtukashtuka.

Sauti ndiyo inayotenganisha filamu na video ya simu. Mtu huvumilia picha yenye giza. Sauti isiyosikika humfukuza upesi. Tumia maiki ndogo ya kubana nguoni, shubiri moja chini ya kidevu. Mtandio ukisugua maiki utasikia mkwaruzo ambao hakuna programu inayoutoa vizuri, basi ibane juu ya nguo ya nje kabisa, na waya uutengenezee kitanzi kidogo ili usivute. Nje, valisha maiki kofia ya manyoya. Sponji peke yake haiuzuii upepo wa kusi. Kwenye kipimo cha sauti cha programu, vilele vicheze kati ya desibeli -12 na -6. Ukigusa 0 sauti imepasuka, na iliyopasuka haishoneki. Sikiliza kwa hedifoni muda wote, na weka simu kwenye hali ya ndege, kwani kupigiwa simu kunaweza kukata rekodi.

Ukimaliza kila mahali, rekodi dakika moja ya ukimya wa pale pale: majani ya mikarafuu, kuku, watoto kwa mbali. Dakika hiyo ndiyo utakayoitandika chini ya maneno ili mikato isisikike. Adhana ikianza, simamisha mahojiano. Ni adabu kwanza, na tena maneno yaliyorekodiwa juu ya adhana hayakatiki, kwa kuwa kila mkato utaivunja adhana yenyewe.

Mahojiano fanya mara mbili: mikono ikiwa kazini, na baadaye mtu amekaa. Usiulize swali linalojibika kwa ndiyo. Sema, "Hebu nieleze, mama, karafuu iliyokauka unaijuaje?" Akinyamaza, nyamaza nawe, hesabu mpaka tano moyoni. Na tafadhali usimwambie azungumze Kiswahili cha redioni. Kipemba chake ndicho kilichobeba majina ya kazi hiyo na mzaha wake. Ukimsahihisha mara moja tu, atakuwa mgeni ndani ya filamu yake. Msikilizaji wa mbali mwandikie maandishi chini ya picha.

Kuanika huchukua siku kadhaa za jua zuri, na hapa tumia hila rahisi: weka mawe matatu pale miguu ya stendi iliposimama, urudi kila siku saa ile ile, fremu ile ile. Ukiziunganisha, karafuu zinageuka kutoka kijani na wekundu hadi hudhurungi iliyokoza mbele ya macho. Wingu likikusanyika usifunge simu. Watu wakikimbilia kuanua ndiyo sehemu yenye roho kuliko zote, na huwezi kumwomba mtu airudie. Juani simu hupata joto ikajizima. Itoe kava na uikinge kwa kivuli kati ya picha na picha.

Kabla ya kulala, nakili kila kitu sehemu mbili. Video ya 4K, yenye picha kali zaidi, hula kiasi cha megabaiti 170 hadi 350 kwa dakika; ya 1080p, iliyo ndogo kuliko hiyo, ni 60 hadi 130. Kwa filamu ya kwanza 1080p inatosha kabisa.

Kuhariri, anza na sauti. Sikiliza mahojiano yote, andika kwenye daftari kila sentensi nzito na dakika yake, halafu chagua zisizozidi dakika mbili. Zipange mpaka zieleweke ukiwa umefumba macho, ndipo ulaze picha juu. Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, ile ya bure, inafanya kazi hii yote kama una kompyuta yenye nguvu kidogo. Achana na taarabu ya kuokota mtandaoni: ina wenyewe, na itafunika mlio wa karafuu kavu zikikorogwa jamvini.

Kabla ya kuirusha, mpelekee mwenye kazi aitazame. Atakuonesha palipogeuzwa mpangilio, au karafuu mbichi ulizoziita kavu. Toa nakala ya 1080p kwa megabiti 10 kwa sekunde, ambayo kwa dakika nne ni megabaiti 300 (megabiti nane ni megabaiti moja). Nakala yake ya simu itoe kwa 720p na megabiti 2, kama megabaiti 60 hivi, na uitume WhatsApp kama dokumenti, kwani ukiituma kama video itabanwa tena na nyuso zitafanya ukungu.