Maswali na Majibu: Picha na Maneno katika Matangazo ya Mtandaoni

Maswali yaliyochaguliwa safari hii yote yanahusu mabango ya matangazo, yaani yale yanayotokea juu, pembeni au katikati ya kurasa za intaneti na ndani ya programu za simu. Nimetanguliza lile ambalo jibu lake linayabeba mengine.

Swali: Ninapoandaa tangazo, nianze na picha au nianze na maneno?

Anza na ahadi moja unayotaka mtu aondoke nayo, kisha uigawe. Jiulize ni sehemu gani ya ahadi hiyo ambayo jicho likiiona halihitaji kuelezwa, na ni sehemu gani isiyoweza kuonekana hata ukipiga picha mia. Ya kwanza ni kazi ya picha, na ya pili ni kazi ya maneno. Tuseme unauza mikoba ya mgongoni. Umbo la mkoba, rangi yake na ukubwa wake ukiwa umevaliwa, hayo yote picha huyasema papo hapo. Lakini kwamba una dhamana ya miaka miwili, au kwamba punguzo la bei linakwisha Ijumaa, hayo hayapigiki picha, kwa hiyo yaandikwe.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuweka picha ya mkoba na kuandika chini yake "Mkoba mzuri wa mgongoni". Picha na maneno vimesema jambo lilelile, na nafasi ndogo uliyoilipia imetumika nusu tu. Linganisha na picha ya mkoba uliolowa mvua ambao ndani yake vinaonekana vitabu vikavu, huku maneno pekee yakiwa "Dhamana ya miaka miwili". Hapo kila upande umeleta habari yake, na mtazamaji huziunganisha mwenyewe na kuamua kwamba mkoba huu ni imara, bila wewe kuandika neno "imara" popote. Uamuzi ambao mtu ameufikia mwenyewe humkaa zaidi kuliko sifa aliyosomewa.

Bango linalohesabiwa kuwa la kwanza katika wavuti lilitokea tarehe 27 Oktoba 1994 kwenye tovuti ya HotWired, na aliyelilipia alikuwa kampuni ya simu ya Marekani, AT&T. Halikuwa na picha ya bidhaa: lilimuuliza msomaji kama amewahi kubofya mahali pale, na mshale ukaelekeza kwenye jibu kwamba atabofya. Maneno matupu yalitosha wakati ule kwa sababu bango lenyewe lilikuwa kitu kigeni. Ugeni huo haupo tena, na ndiyo maana mgawanyo wa kazi ninaouzungumzia umekuwa jambo la lazima.

Swali: Maneno yawe mangapi?

Machache kuliko unavyotaka. Kwa kigezo kinachotumika sana katika biashara hii, bango la kawaida huhesabiwa kuwa limeonekana ikiwa angalau nusu ya pikseli zake, yaani nukta ndogo zinazoliunda, zimekaa kwenye kioo kwa sekunde 1 mfululizo. Chukulia kwamba sekunde hiyo ndiyo yote uliyo nayo. Mtu hawezi kusoma aya ndani yake, lakini anaweza kushika maneno matano au sita pamoja na picha moja iliyo wazi.

Majukwaa nayo yana mipaka yake. Katika matangazo ya Google yanayojipanga yenyewe kulingana na nafasi, kichwa kifupi hakiruhusiwi kuzidi herufi 30 zikiwemo nafasi zilizo kati ya maneno, na kichwa kirefu pamoja na maelezo havizidi 90. Vitenzi vyetu virefu huimaliza nafasi hiyo upesi, kwa hiyo nakushauri utumie kitenzi cha kuamuru kilicho kifupi, na uondoe kila sifa ambayo mshindani wako naye angeweza kuiandika bila kubadilisha kitu.

Swali: Jukwaa linaniomba vichwa vingi na picha nyingi, kisha linavichanganya lenyewe. Nitahakikishaje kwamba vinapatana?

Hili ni swali zuri, kwa sababu hapa ndipo matangazo mengi yaliyoandaliwa kwa bidii huharibika. Google hupokea hadi picha 15, vichwa vifupi 5 na maelezo 5 kwa tangazo moja la aina hiyo, na mfumo wake huamua ni kichwa gani kikae na picha gani katika nafasi gani. Maana yake ni kwamba huandiki tangazo moja. Unaandika vipande ambavyo kila kimoja kinaweza kukutana na kingine chochote. Kichwa kinachosema "Chagua rangi hii" kitakuwa upuuzi kikiwekwa karibu na picha ya mtu anayetembea, na kichwa kinachoanza sentensi ambayo maelezo yanaimalizia kitabaki kikining'inia siku maelezo hayo yasipoonyeshwa.

Chora jedwali kwenye karatasi, vichwa vikiwa upande wa kushoto na picha zikiwa juu, kisha upitie kila kisanduku ukisoma kichwa huku unaitazama picha. Kichwa kitakachoshindwa kukaa na picha mbili au tatu kiondolewe, hata kama unakipenda. Vilevile usijaze nafasi zote kwa kuwa tu zimeruhusiwa: picha 6 zinazoonyesha mambo tofauti zina faida kuliko 15 za kitu kilekile kilichogeuzwageuzwa. Kumbuka pia kutoa picha ya mlalo, ambayo kwa kawaida huwa pikseli 1200 kwa 628, na ya mraba, huku kitu muhimu kikikaa karibu na katikati, kwa sababu mfumo unaweza kukata kingo.

Swali: Je, niandike maneno juu ya picha yenyewe?

Kama jukwaa linakupa sehemu tofauti ya kichwa na maelezo, maneno yaweke huko na uiache picha iwe safi. Maandishi yaliyochomekwa ndani ya picha hupungua pamoja nayo: herufi yenye kimo cha pikseli 40 katika picha ya upana wa 1200 hubaki pikseli 10 tu picha hiyo inapoonyeshwa kwa upana wa 300. Isitoshe, programu zinazowasomea watu wasioona haziwezi kuyategemea, na siku bei itakapobadilika utalazimika kutengeneza picha upya. Facebook ilikuwa ikibana usambazaji wa matangazo ambayo maandishi yake yalizidi asilimia 20 ya eneo la picha. Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 2020, lakini busara iliyokuwa nyuma yake haijaondoka.

Bango lenye kipimo kisichobadilika, kama vile pikseli 300 kwa 250 au 728 kwa 90, ni jambo tofauti, kwa sababu hapo maneno hayana pengine pa kukaa. Yawekee usuli uliotulia: anga tupu, ukuta, au kipande cha rangi moja ulichokitenga makusudi. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa kurasa za wavuti, WCAG, hutaka tofauti ya mwanga kati ya maandishi na usuli isipungue 4.5 kwa 1, au 3 kwa 1 kwa herufi kubwa, na zipo zana za bure za kuipima. Kisha hifadhi bango hilo katika muundo wa PNG, kwa maana JPEG inafaa picha za kamera lakini ikibanwa sana huacha ukungu kuzunguka kingo za herufi. Jaribio la mwisho ni kulifungua kwenye simu ndogo ukiwa nje juani. Kisichosomeka hapo hakipo.

Swali: Mimi natoa huduma ya uhasibu. Hakuna kitu cha kupiga picha. Nifanyeje?

Watu wengi walio katika hali yako hukimbilia picha za kununua zinazoonyesha watu wenye suti wakipeana mikono. Nakuomba sana uziepuke. Picha hiyo ingeweza kuwa ya benki, ya mawakili au ya chuo, na picha inayomfaa kila mtu haimsemei mtu yeyote.

Huduma yenyewe haionekani, lakini hali ya mteja kabla yake na baada yake huonekana. Lundo la risiti juu ya meza linaonekana. Ukurasa mmoja wa hesabu uliopangika, kioo cha kompyuta kikionyesha ripoti iliyokamilika, meza iliyobaki tupu, hivyo vyote vinapigika picha. Chagua kimoja, kisha uyape maneno kazi ya kutaja jambo halisi: unamhudumia nani, kwa muda gani, na kwa malipo ya namna gani. Picha ya risiti zilizorundikana pamoja na maneno "Tunafunga hesabu zako kila mwezi" inamgusa mwenye duka dogo aliye na lundo kama hilo, na inawaacha wengine wapite. Kuwaacha wengine wapite si hasara, hasa pale unapolipia kila mbofyo.

Swali: Picha ya uso wa mtu inasaidia?

Huvuta jicho, naam, lakini angalia inalivuta kuelekea wapi. Tuna mazoea ya kufuata mtazamo wa mtu mwingine, kwa hiyo uso unaotazama bidhaa au maneno hulipeleka jicho huko, na uso unaotazama nje ya bango hulitoa nje. Mtu asiyehusika na bidhaa asiwepo.

Swali: Bango linalocheza ni bora kuliko lililotulia?

Si lazima. Google huruhusu mwendo usiozidi sekunde 30, kisha bango litulie, na faili la bango la picha lisizidi kilobaiti 150. Ukitumia mwendo, hakikisha kwamba taswira ya mwisho ina ahadi, nembo na kitufe, kwa sababu hiyo ndiyo itakayobaki, na kwamba taswira ya kwanza pia inaeleweka ikiwa peke yake.

Swali: Watu hawatazami matangazo. Nikilifanya lifanane na ujumbe wa kompyuta au kitufe cha kupakua, si litabofywa zaidi?

Litabofywa na watu waliodanganywa, ambao watatoka mara moja wakiwa wamekasirika. Majukwaa makubwa pia hukataza matangazo yanayoiga arifa za mfumo.

Ni kweli kwamba watu wamejifunza kuruka mabango. Jan Panero Benway na David Lane walionyesha mwaka 1998 kwamba watu wanaotafuta habari fulani kwenye ukurasa hulipita bango kubwa lenye kung'aa hata kama habari wanayoitafuta imo ndani yake. Lakini soma vizuri walichokuta: ung'aavu haukusaidia. Dawa basi si kupiga kelele zaidi wala kujificha, bali kuonekana kama jambo linalomhusu msomaji wa ukurasa ule, kwa picha iliyotulia na maneno yanayotaja haja yake.

Swali: Watu wanabofya bango langu lakini hawanunui. Nibadilishe picha?

Kabla ya kuigusa picha, fungua ukurasa wanaoufikia baada ya kubofya na uuweke kando ya bango. Kama bango lina mkoba wa bluu na dhamana ya miaka miwili, ilhali ukurasa unafunguka na orodha ya bidhaa zote huku dhamana ikiwa imefichwa chini kabisa, mteja anadhani amepotea njia. Ukurasa huo uanze na picha ileile, au iliyo ndugu yake, na kichwa kirudie maneno ya bango.

Likiisha hilo ndipo ujaribu picha, na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati: maneno yaleyale na picha mbili, au picha ileile na maneno mawili. Kwa kuwa mabango mengi hubofywa na watu walio chini ya asilimia 1 ya walioyaona, tofauti ya mibofyo michache haithibitishi kitu. Yaache matoleo yote mawili yaonyeshwe kwa siku zilezile na kwa watu wa aina ileile, na uhesabu mauzo badala ya mibofyo.