Mafuta ya mimea yameua bakteria? Subiri kwanza

Nyie mnaoanza kupima mafuta ya mimea kama mbadala wa klorini na dawa zingine za kuua vijidudu, niwape mapema kitu kilichonipotezea wiki nzima. Nilikuwa napima mafuta ya mdalasini kwenye pleti ya vishimo 96, unaweka rezazurini (rangi inayoonyesha kama bakteria wako hai), kishimo kikibaki bluu bakteria hawajakua, kikigeuka pinki wapo hai wanakula maisha. Asubuhi natoa pleti kwenye inkubeta nakuta mpaka vishimo ambavyo sikutia mafuta kabisa ni bluu. Nikashangilia, kumbe mvuke! Haya mafuta yanaruka hewani, yanaingia kishimo cha jirani, na kontroli yangu, yaani vile vishimo visivyo na mafuta vya kulinganishia, ilikuwa pembeni hapohapo, data yote ikaenda. Sasa hivi naziba kwa karatasi ya gundi na kontroli inakaa pleti yake.

Na ile ya kuweka diski yenye dawa kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria) halafu unapima duara ambalo bakteria hawakuota, msiiamini sana, mafuta na maji havipatani kwahiyo hayasambai vizuri, duara dogo siyo lazima dawa iwe dhaifu. Ukiyeyusha mafuta kwa viyeyushi kama DMSO au Twini 80, kipime na hicho kiyeyushi peke yake, usije ukasifia yujenoli, kiungo kikuu cha mafuta ya karafuu, kumbe kazi kafanya mwingine.

Ila kinachoangusha wengi ni kuchanganya kuzuia na kuua. Ile MIC (kiwango kidogo kabisa cha dawa kinachozuia bakteria wasikue) umewaacha bakteria na dawa saa 24, ila dawa ya kufutia meza inapewa dakika chache tu. Kipimo cha Ulaya cha EN 1276 kinataka bakteria milioni 10 washuke hadi 100 au chini, na unaongeza albumini ya ng'ombe (protini ya damu) kuigiza uchafu, gramu 3 kwa lita kama mazingira ni machafu. Hapo ndo mafuta mengi yanaumbuka, yanang'ang'ania protini yanawasahau bakteria. Muda ukiisha uizime dawa kwanza, yaani uiondolee nguvu, ndo upandikize, la sivyo inaendelea kuua kwenye agari na wewe unaandika dakika 5.

Msikimbilie kujisifu na bakteria wa Staphylococcus pekee, jaribuni na Pseudomonas aeruginosa, ule utando wake wa nje na pampu za kutema dawa vitawatoa jasho. Halafu andikeni namba ya bechi ya kila chupa, maana chupa mbili za zaatari zenye jina lilelile moja inaweza kuwa imejaa thaimoli (kiungo chake kinachoua vijidudu) na nyingine kidogo tu.