MARX imegoma? Soma hapa kabla hujaiuza laptopu

Juzi dogo mmoja kanitumia meseji, "Shikamoo kaka, MARX imekubali kuwaka ila fotoni hazionekani, niachane nayo?" Nilikuwa kwenye bajaji naenda Mwanga nikacheka peke yangu, maana huyo dogo ni mimi kabisa wa miaka miwili iliyopita.

Kwa wageni: MARX ni programu ya bure kutoka MIT, inaigiza Chandra, darubini ya angani inayonasa eksirei, iliyorushwa Julai 1999, inafuata fotoni (chembe za mwanga) moja moja toka inapoingia kwenye vioo mpaka inapotua kwenye kamera. Na eksirei ina kiburi, ikikigonga kioo uso kwa uso inazama humohumo. Ni kama yale mawe bapa tuliyokuwa tunarusha Kibirizi, ukililaza linarukaruka juu ya maji, ukilirusha wima chubwi, basi. Ndo maana vioo vya Chandra vimekaa kama mapipa manne moja ndani ya lingine, yamepakwa iridiamu, fotoni inaparaza ubavu wa ndani mara mbili kisha inaenda kutua mita 10 mbele.

Sasa mimi niliweka Ubuntu kwenye laptopu ya mtumba, nikakompaili (configure, make, make install, hapo hakuna hadithi), nikaamua kuanza na Crab, mabaki ya nyota iliyolipuka. Nikarun. Fotoni sifuri. Nikarudia kuweka programu upya mara tatu, bando likaisha, umeme ukakatika, nikanunua bando lingine. Kuna jamaa tulikutana kwenye mafunzo nikamuomba msaada, akanijibu, "Kigoma si mvue dagaa tu?" Sijasahau na sitasahau.

Usiku wa nne hivi nafungua marx.par, faili la mipangilio ya MARX, nasoma mstari kwa mstari kama mtu anayechambua mchele, nakuta RA_Nom (RA ni namba ya mahali kitu kilipo angani, na hii ni ya darubini inakotazama) ni 83.63, sawa, ila SourceRA, ya chanzo cha fotoni, nimeandika 5.575. Yaani darubini nimeielekeza kwa digrii, chanzo nimekiweka kwa masaa! Saa moja ya angani ni digrii 15, kwa hiyo Crab yangu ilikuwa zaidi ya digrii 70 pembeni, fotoni zingepitia wapi? Nikazidisha kwa 15, nikarun, nikageuza matokeo kuwa faili la picha kwa marx2fits, nikalifungua kwenye ds9, programu ya kutazamia picha za anga, kidoa hicho katikati. Nilipiga kelele mpaka mama akaja na tochi.

Kwa hiyo wadogo zangu someni marx.par. Inakilini kwenye folda ya kazi, msichezee ile ya asili. Anzeni na chanzo kimoja cha nukta, muda mfupi, ndo muongeze madoido. Na someni marx.par, narudia, vijana wa siku hizi mnapenda kuuliza kabla ya kusoma, mtu hajafungua hata faili anataka aonewe huruma.

Dogo, nitumie hiyo marx.par yako nzima. Sio picha ya skrini uliyopiga kwa simu.